Chafya Iliyonilaza, na Mguu Uliorudi

Mimi ni fundi cherehani hapa Kanyenye, mjini Tabora, na kabla ya kuugua nilikuwa mtu wa kujisifu. Msimu wa sare za shule nilikaa kwenye cherehani tangu asubuhi mpaka jua linazama, nimejikunja, mguu wa kulia ukipiga pedeli bila kuchoka. Mgongo ukilalamika, naupuuza. Nilikuwa nawatania wateja kwamba sisi ni wajukuu wa wapagazi waliobeba pembe za ndovu mpaka pwani kwa miguu, kwa hiyo mgongo wa Mnyamwezi hauvunjiki.

Basi mimi niliangushwa na chafya. Sikubeba gunia wala sikuteleza. Niliinama kuokota mkasi, vumbi la kitambaa likaniingia puani, nikapiga chafya moja tu. Kitu kama shoti ya umeme kilishuka kutoka kiunoni, kikapita takoni, nyuma ya paja, mpaka kidole gumba cha mguu wa kulia. Nilibaki nimeinama vile vile. Mume wangu, Baba Kulwa, alikuja kunibeba kama mtoto, nami nalia.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Nikikohoa, uchungu. Nikienda haja kubwa, uchungu, mpaka nikawa naogopa kula kwa sababu ya kuogopa choo. Kisha mguu ukaingia ganzi, na hilo lilinitisha kuliko maumivu. Nilikiamuru kidole gumba kiinuke, kikalala tu. Unyayo ukawa unaning'inia. Nani atapiga pedeli? Cherehani ndiyo kazi pekee ninayoijua, na ndiyo inayowasomesha wanangu pacha.

Hospitalini, baada ya vipimo, daktari alinieleza taratibu. "Kati ya pingili za mgongo kuna vitu laini kama mito, tunaviita diski. Moja imetokeza nje, inabana mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni."

Nikamuuliza kama nitapasuliwa.

"Tuanze na dawa za maumivu na mazoezi ya tiba. Wengi hupona hivyo. Ila mguu ukizidi kulegea, au ukishindwa kuzuia mkojo, au ukiingiwa ganzi sehemu za siri, njoo saa hiyo hiyo. Usisubiri kesho."

Mama mkwe alikuja kwa treni kutoka Tura kuniuguza. Nilitaka kupiga magoti nimsalimu, nikashindwa, nikatoa shikamoo nikiwa chali kitandani.

"Marahaba, mwanangu. Lala. Mgongo ukiumia ni wa kulazwa."

Akanilaza kweli. Majirani walikuja kunipa pole, na kila mmoja aliniongezea mto.

Kumbe kule kulala kutwa kulikuwa kunanidhoofisha. Mtaalamu wa fiziotherapia, dada mmoja mcheshi, ndiye aliyeniinua. Alinilaza kifudifudi kwenye mkeka, akaniambia niegemee viwiko. Siku zilivyokwenda nikaanza kusukuma kifua juu kwa mikono, kiuno kikibaki chini. Nyumbani wanangu walinicheka kwamba mama amekuwa mjusi, na hawakusema uongo. Niliambiwa pia nitembee kidogo kidogo, kwanza ndani, halafu mpaka kona ya barabara.

Baada ya muda mgongo ukazidi kuuma. Mama mkwe akauviringisha mkeka, akausimamisha ukutani. "Mazoezi haya yatakuua. Basi!" Nikakubaliana naye, maana niliumia kweli. Nikaenda kwa mtaalamu kumwambia naacha.

"Mgongo unauma zaidi, sawa," akasema yule dada. "Na shavu la mguu je?"

Nikayatafuta maumivu kwenye shavu la mguu, hayapo. Nyuma ya goti, hayapo. Nilikuwa sijagundua.

"Yanarudi yalikotoka, mama. Yakipanda kutoka mguuni kwenda mgongoni, ni dalili njema, mshipa unaanza kuachiwa. Yangekuwa yanashuka, ningekusimamisha mimi mwenyewe."

Nilikuwa napona na sijui, na karibu niukatize uponaji kwa mikono yangu.

Mama mkwe hakusadiki, lakini mkeka aliutandika. Jioni alizoea kunikanda mguu kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, nami juu ya unyayo sikuwa nahisi chochote. Jioni moja nikashtuka.

"Mama, maji yana moto!"

Mkono wake ukabaki hewani. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Akakigusa kidole gumba kwa ukucha. Nikasikia. "Hebu kiinue," akasema kwa sauti ndogo. Kikainuka. Kidogo tu, kikitetemeka, kisha kikashuka. Mama mkwe akapiga kigelegele mpaka majirani wakaja mbio wakidhani kuna mtu amejifungua. Mimi nilikuwa nalia. Hakuna aliyenipasua, na huko ndani mwili ulikuwa unajirekebisha kimya kimya. Mpaka leo nikilifikiria hilo naogopa, ile hofu ya mtu aliyeona mkono wa Mungu.

Nguvu zilirudi kwa miezi, si kwa siku, na kuna juma nililorudi nyuma nikakata tamaa. Sasa napiga pedeli tena, ila kila nikimaliza kipande nasimama na kujinyoosha, wateja wacheke wasicheke.

Ndugu unayesoma haya ukiwa umelala, nenda ukapimwe. Usimruhusu mtu asiyejua akuvute mgongo. Mazoezi yangu si lazima yawe yako, mtaalamu akupe yanayokufaa, na ukipewa uyafanye. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari na yule dada, namshukuru Baba Kulwa.

Na mama mkwe. Siku alipokuwa anarudi Tura nilimsindikiza stesheni kwa miguu. Yeye alitangulia, mimi nyuma. Tangu nianze kutembea alizoea kunisikia, kwa sababu unyayo haukuinuka na ndala ya kulia ilikuwa inaburuzika. Karibu na stesheni akasimama ghafla, akageuka na uso wa wasiwasi, akanikuta nipo pale pale nyuma yake.

"Mbona sikusikii?" akasema. "Nilidhani umebaki."

Tukautazama mguu wangu, sote wawili, mpaka treni ikapiga honi.