Kilti Nyekundu ya Frank wa Dolina

Pale kijijini kando ya ghuba ya Loch Carron, Uskoti, mtu hatambulishwi kwa jina la ukoo, maana nusu ya kijiji ni Matheson na nusu iliyobaki ni MacKenzie. Mtu hutambulishwa kwa mzazi wake. Kwa hiyo Frank Docherty, dereva wa lori la kumwaga chumvi barabarani wakati wa barafu, aliitwa Frank wa Dolina tangu utotoni hadi mvi zikamwingia. Aliitika kila alipoitwa hivyo, lakini moyoni alilichukua jina hilo kama anwani tu: Frank, yule anayekaa kwa Dolina.

Alifika akiwa na miaka sita, kwa treni kutoka Glasgow, na kikaratasi kimefungwa kwenye kifungo cha koti lake. Watu wa serikali ndio waliomleta, kama walivyowaleta watoto wengi wasio na wa kuwalea na kuwagawa kwa wakulima wa huku. Dolina Matheson na mumewe Murdo walimpokea. Aliambiwa amwite Dolina shangazi, akamwita shangazi, na hakuna aliyewahi kumwambia abadilishe.

Sasa Murdo alikuwa amekwisha kufariki. Dolina alikuwa amezeeka na macho yake yalikuwa yakiona vivuli tu. Frank, ambaye hakuoa, ndiye aliyempikia uji asubuhi na kumsomea gazeti jioni. Maisha yao yalikwenda hivyo, taratibu, mpaka Jumapili moja Ishbel alipokuja kutoka Inverness. Ishbel ni mjukuu wa Dolina, mtoto wa binti yake wa pekee, na alikuwa anaolewa.

"Mjomba Frank," alisema huku akipaka siagi kwenye mkate, "Baba hayupo, unajua mwenyewe. Wewe ndiye utakayenishika mkono kuingia kanisani."

Frank alikiweka mezani kikombe chake cha chai.

"Na usije na ile suruali yako ya mazishi," Ishbel aliendelea. "Wanaume wetu wote watavaa kilti za Matheson."

"Nitatafuta kitu."

"Kitu gani tena? Kila michezo ya kiangazi tunakuona na kilti, unalipiga lile goma kubwa kama umekosana nalo!"

Ilikuwa kweli. Frank alipiga ngoma kubwa katika bendi ya mazumari, na bendi ilimpa kilti ya kijani, ile sketi ya mikunjo wanayovaa wanaume wa Uskoti. Lakini ile ilikuwa sare, na mtu akiwa ndani ya sare haulizwi ni wa nani. Tartani ya Matheson, yaani mirabaraba yake myekundu, ilikuwa jambo jingine. Hiyo ilikuwa ya ukoo. Mara nyingi alikuwa amewaona wageni wakishuka kwenye mabasi, wamevaa tartani ya ukoo wowote kwa sababu tu rangi imewapendeza. Hakuwachukia, ila alikuwa akitazama pembeni, akiona aibu kwa niaba yao. Je, yeye afanye vivyo hivyo, tena mbele ya wenyewe? Na akikataa, atamwachaje Ishbel aingie kanisani peke yake?

Siku ya mapumziko alikwenda Inverness kwa mshona kilti, Bi. Una Geddes. Alimkuta amebana pini mdomoni.

"Ukoo gani?" Bi. Geddes aliuliza bila kuzitoa pini.

"Docherty."

"Hao wa Ireland. Usijali. Hii ya kijivu haina mwenyewe, na hii ya kijani nzito anavaa yeyote."

"Ya kijivu itafaa," Frank alisema haraka.

"Ni ya harusi?"

"Ya mjukuu wa Matheson. Wenzangu watavaa ya Matheson."

"Na wewe ni nani kwao?"

Frank alizungusha kofia yake mikononi. "Walinilea."

Bi. Geddes alizitoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa sweta. "Unaogopa polisi wa tartani?"

"Kwani sheria inakataza?"

"Sheria gani? Ni adabu tu, baba. Ujue jina la kitambaa ulichovaa. Usijitungie babu ambaye hukuwa naye. Usivae manyoya ya tai kofiani, hayo ni ya mkuu wa ukoo. Juzi kaja bwana mmoja ameyachomeka matatu! Nikamkanya, akaniambia nisiwe na wasiwasi, ya kwake ni ya batamzinga." Alicheka peke yake, kisha akamtazama Frank. "Na kama wenyewe unawafahamu, waombe. Umewaomba?"

"Hapana."

"Kawaombe. Wakikataa, hii ya kijivu ipo, haina miguu."

Njia nzima kurudi nyumbani Frank alikuwa akilipanga ombi lake kwa sauti ndani ya gari. Halikupangika. Katika nyumba ile hakuwahi kuomba kitu, hata kiazi cha pili mezani; alizoea kungoja apewe. Alipofika, Dolina alikuwa karibu na jiko, redio ikisoma habari za hali ya hewa.

"Shangazi, nina ombi."

"Wewe? Ombi?" Dolina aligeuza uso upande wa sauti yake. "Zima hiyo redio."

Frank aliizima, na akasema yote akiwa bado amesimama na koti mwilini: harusi, kilti, tartani ya Matheson, kwamba kama haifai, haifai, na kwamba ya kijivu ipo.

Dolina aliukunja na kuukunjua upindo wa aproni yake, mpaka Frank akajuta kufungua mdomo.

"Kwa hiyo sasa unaitaka," Dolina alisema mwishowe. "Mara ya kwanza uliikataa."

Frank alikumbuka. Ulikuwa Mwaka Mpya wake wa kwanza pale, na Dolina alikuwa amemshonea kilti ndogo nyekundu. Aliivaa kwenda nje kucheza. Penye lango la shule mtoto mmoja mkubwa akamwambia, "Vua hiyo. Si yako. Wewe ni wa Glasgow." Kesho yake aliikunja vizuri, akaiweka juu ya kiti na kusema, "Asante, shangazi. Si yangu." Hakuivaa tena.

"Nilisimama nayo mikononi kama mtu aliyerudishiwa sahani ya chakula mlangoni," alisema Dolina. "Nikamwambia Murdo, mtoto ametukataa. Murdo akaniambia nikuache, una jina lako, na mama yako huenda akaja siku moja kukuchukua. Tusikulazimishe."

"Nilidhani ndiyo adabu, shangazi."

"Na sisi tulidhani hivyo hivyo! Nyumba nzima ina adabu mpaka tumekaribia kufa nayo." Alijifuta macho kwa upindo wa aproni. "Nenda kwenye sanduku langu. Chini kabisa."

Frank aliipata ikiwa imezungushiwa shuka, ndogo kama ya mwanasesere, inanuka dawa ya nondo. Aliigeuza. Ndani kulikuwa na alama za mshono wa zamani uliofumuliwa, na kiunoni zilikaa bizimu mbili nzito za chuma, kubwa mno kwa tumbo la mtoto.

"Bizimu hizi ni za mtu mzima," alisema.

"Ni za Murdo. Ulifikiri kitambaa kile nilikipata wapi, na mambo yalivyokuwa magumu mwaka ule? Nilikata kilti yake, ile aliyonioa nayo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenishikia mkasi."

Frank alikaa chini na koti lake. Katika harusi ya mama yake Ishbel, Murdo, baba wa bibi harusi, alikuwa amesimama kanisani na suruali nyeusi katikati ya wanaume wote wenye kilti nyekundu. Walimtania mchana kutwa, naye akawajibu kwamba miguu yake ni ya kondoo, haifai kuonyeshwa watu. Frank alicheka pamoja na wengine. Miaka yote hiyo aliamini kwamba Murdo hapendi kilti.

Dolina alinyoosha mkono, ukamkosa, ukanyooshwa tena, ukaupata mkono wa koti lake na kuushika.

Ile kilti ndogo ilikwenda Inverness kwa Bi. Geddes ili alinganishe wekundu wake, maana wekundu wa zamani ulikuwa umetulia kuliko wa siku hizi. Bizimu zilitolewa na kushonwa kwenye kilti mpya.

Asubuhi ya harusi Dolina alikuwa amekaa jikoni na kofia yake ya kanisani. Frank aliingia, viatu vyake vikigonga sakafuni.

"Njoo nikupime."

"Bi. Geddes amekwisha kupima."

"Bi. Geddes hakuwahi kukufulia nepi."

"Hata wewe, shangazi. Nilikuja na miaka sita."

"Uliukojolea mto wangu mzuri. Piga magoti."

Kilti hupimwa hivyo: mwenyewe hupiga magoti, na upindo wake usiguse sakafu, wala usikae mbali nayo. Frank alipiga magoti mbele ya kiti chake. Dolina aliinama, akapitisha vidole polepole katikati ya upindo na sakafu, pande zote. Kisha mikono ikapanda, ikahesabu mikunjo ya nyuma, ikafika kiunoni, ikagusa chuma cha bizimu. Ikabaki pale.

"Mjomba Frank!" Ishbel aliita kutoka nje. "Gari linangoja, na mimi ndiye ninayeolewa!"

"Shangazi," Frank alinong'ona, "magoti yananiuma."

Mikono haikuondoka.

"Nani shangazi yako?"

Birika lilikuwa likitokota juu ya jiko. Frank alilitafuta lile neno, ambalo hakuwa amelitumia kwa mtu yeyote tangu Glasgow, akaona lingali lipo.

"Mama," alisema. "Magoti yananiuma."

"Haya, inuka," alisema Dolina. "Na vuta soksi ya kushoto juu, naisikia imeshuka."