Niliunga Video za Harusi, Nikamfanya Mkwe Aonekane Amekataa Koti

Kosa ni langu, wala sitalisukumia kompyuta. Mke wangu alitaka tuajiri mpiga video aliyesomea kazi hiyo. Nikamjibu kwamba mtu aliyemaliza chuo kikuu hashindwi kuunga vipande vya video. Jina langu nalificha, maana hapa Mlandege, Iringa, bado napita njia za pembeni.

Binti yangu Upendo aliolewa Tukuyu, na kijana aitwaye Lusajo. Harusini kila mtu alirekodi kwa simu yake. Baada ya wiki nikawa na vipande arobaini na kitu kutoka kwa mashangazi, wajomba na wanakwaya. Vingine vimesimama, vingine vimelala, kimoja kinaonyesha kiatu cha shemeji yangu mwanzo hadi mwisho. Jumamosi mchana nikajifungia chumbani nivifanye filamu moja.

Sasa sikia nilivyoharibu.

Kwa Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali. Siku hizi mila hiyo imelegea, lakini Baba Lusajo bado anaishika. Kwa hiyo Upendo alipompelekea koti la zawadi, alipiga magoti hatua kadhaa kutoka kwake, akaliweka mkekani, akainamisha macho akimsubiri shangazi alichukue.

Saa ileile Tukuyu ikafanya inachofanya siku zote: ikanyesha. Upepo ukanyanyua turubai la kina mama waliokuwa wakipika. Baba Lusajo akainuka, uso umekunjamana kwa matone, akakimbilia kushika nguzo. Baadaye alirudi, akalipokea koti lake na kulivaa. Ila wakati huo simu zote zilikuwa zimefichwa zisilowe.

Kipande kinachoonyesha turubai nilikuwa nacho. Dakika tatu za kutikisika, na mama mmoja akililia ndizi zake. Nikaona hakina maana, nikakitupa. Nikaunga magoti ya Upendo moja kwa moja na Baba Lusajo akiinuka. Juu yake nikaweka wimbo wa kwaya, mvua isisikike. Kisha nikafuta vipande vyote vya mwanzo ili kompyuta ipumue, nikaituma filamu kwenye kundi la familia zote mbili bila kuitazama hata mara moja.

Jamani! Binti anapiga magoti na koti. Baba mkwe anakunja ndita, anasimama, anampa mgongo, anaondoka. Halafu watu wanakula wali na kucheka.

Jumanne Upendo akapiga simu.

"Baba, umefanya nini? Majirani wanakuja kunipa pole."

"Pole ya nini?"

"Ya kukataliwa. Na mama mkwe hasemi na mtu tangu jana. Anasema mmemtangaza mumewe kuwa mtu mbaya. Baba, mimi ndiye ninayeishi hapa."

Hilo la mwisho lilinichoma. Mimi ningeweza kucheka nikiwa Iringa. Yeye alikuwa anasonga ugali katika nyumba iliyonuna.

Nikaomba kile kipande kwenye kundi. Kila mtu alikuwa ameshafuta, kwa sababu mimi msomi niliwaambia nimehifadhi. Ikabidi nipande basi. Kuanzia Makambako hadi Chimala nilikuwa nafanya mazoezi ya kuomba msamaha, mpaka abiria wa pembeni akaniuliza kama mimi ni mchungaji.

Mama Lusajo alinipokea barazani. "Karibu, mzazi mwenzangu. Umekuja kuturekodi tena, au leo unatuonea huruma?"

Nikaeleza yote: turubai, wimbo, kufuta. Baba Lusajo akauliza, "Kwa hiyo shida ni kwamba niliondoka, sikurudi?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi toa simu. Narudi sasa hivi."

Akaingia ndani, akatoka amevaa lile koti, jua likiwaka. Akaenda hadi kwenye migomba, akageuka, akarudi kwa mwendo wa bwana harusi, akaketi, akapapasa kola. Upendo hakutokea, mila ni mila, lakini alipiga vigelegele kutoka jikoni mpaka vikaingia kwenye video.

"Hicho usikitupe, Baba Upendo," Mama Lusajo akaniambia, na sasa alikuwa anacheka. "Magoti ya mume wangu hayana safari ya pili."

Nikakiunga palepale mezani kwao, wote wakinichungulia begani. Sasa mzee anaondoka harusini kukiwa na mawingu na kurudi papo hapo juani, na nyuma yake hakuna mgeni hata mmoja, kuna kuku wawili. Majirani wameitazama na pole zimekwisha. Upendo anasema mama mkwe humwonyesha kila anayepita, na wakifika kwenye kuku husimamisha filamu amtaje aliyeiunga na chuo alichosoma.

Wewe uliye na vipande vyako unataka kuviunga, nisikilize. Kile kibaya kinachotikisika huenda ndicho kinachoshikilia ukweli wa viwili vizuri vya kando yake. Kiache hapo kilipo. Filamu ikiisha, itazame yote, pamoja na mtu aliyekuwepo. Na vipande vya mwanzo usivifute mpaka wakwe wako waitazame hadi mwisho na kukuaga wakiwa wanacheka.