Nilimuua Mama Mkwe Wangu Mtandaoni Ili Kahawa Iuzike

Nilimuua mama mkwe wangu. Usikimbilie polisi, yu hai, na asubuhi hii tu amenisema kwa kuacha maziwa yafurike jikoni. Nilimuulia mtandaoni. Lakini kuna watu walilia machozi ya kweli, na kuna kitu nilikivunja ambacho sijui kama kitaungika. Kosa ni langu, sina wa kumsukumia. Limenikaa kifuani mpaka limenichosha, ndiyo maana nakuambia wewe.

Mimi nimeolewa Kilema. Mume wangu anaongoza watalii mlimani, kwa hiyo siku nyingi yuko juu kwenye baridi, na nyumbani tunabaki mimi, watoto na mama yake. Tuna kihamba, shamba letu la nyumbani lenye migomba na kahawa, kama kila mtu huku. Tofauti yetu na majirani ni Mama. Mama anakaanga kahawa kwenye chungu, anaitwanga kwenye kinu huku anaimba, na mgeni akiionja anasahau njia ya kwao. Ndiyo tukaanza kupokea watalii. Wanatembea shambani, wanatwanga kidogo, wanakunywa, wananunua pakiti, wanashuka.

Shida walikuwa wachache. Nikasikia mjini Moshi kuna mafunzo ya kutengeneza tovuti na kutangaza biashara mtandaoni, nikajiandikisha. Mwalimu wetu alikuwa kijana wa suruali ya kubana aliyetuita sote "familia". Kwa haki, alifundisha vizuri. Alituonyesha kupandisha picha, kubadili maneno, kujibu wanaoandika komenti. Alisema tovuti ni kama ng'ombe wa zizini, usipomkatia majani kila siku anakonda mbele ya macho yako. Hilo nililielewa haraka, maana ng'ombe ninaye.

Lililoniponza ni jingine. Siku moja alisimama mbele yetu akasema, "Familia, hakuna mtu anayenunua kahawa. Watu wananunua hadithi. Nipeni hadithi inayogusa moyo."

Nikarudi nyumbani natafuta hadithi inayogusa moyo. Kwenye tovuti yetu nilikuwa nimeandika, kwa Kiingereza changu cha sekondari, kwamba mama yetu anakaanga kahawa kwa mikono yake. Waliosoma nadhani ni mimi na dada yangu wa Himo. Nikachungulia tovuti ya watu fulani upande wa Marangu. Wao walikuwa na babu marehemu aliyepanda miche ya kwanza ya kahawa pale kwao. Humo ndani Wazungu wanalia kama babu ni wao, wameweka vijimoyo hadi chini.

Nikageuka nikamtazama Mama. Alikuwa uani anafukuza kuku kwa mwiko, mzima kama chuma. Mungu anisamehe, nilisema moyoni: huyu ananiharibia biashara.

Nakuapia sikukaa nikapanga kuua. Nilianza na kitenzi tu. "Anakaanga" nikaifanya "alikuwa akikaanga". Nilitaka isikike kama mambo ya kale, basi.

Kabla sijafunga simu, mama mmoja wa ng'ambo akaandika: poleni sana kwa msiba wenu. Hapo ndipo nilipopaswa kumjibu, "Mama yangu, nimekosea kuandika, yuko uani na kuku." Ilikuwa sentensi moja. Badala yake nikaandika, "Asante sana. Alikuwa nguzo yetu."

Zikaja pole nyingine, na nyingine. Nikachukua picha ya Mama akicheka, picha tuliyompiga siku mbuzi wetu alipokula kofia ya mtalii, nikaiondoa rangi ikawa nyeusi na nyeupe. Chini yake nikaweka mshumaa. Nikaandika kwamba kabla ya kukata roho alinishika mkono akaniachia siri ya kukaanga kahawa. Siri gani? Mimi kahawa nikikaanga inaungua mpaka majirani wanauliza kama kuna tairi linachomwa.

Wageni wakaanza kumiminika. Mjini kulikuwa na mama mmoja wa Kiislamu mwenye ofisi ndogo ya utalii, nitamwita Bi Zaituni. Aliisoma hadithi, ikamwingia, akawa anatuletea watu kila wiki. Sasa shida ikawa marehemu mwenyewe, kwa sababu ndiye anayekaanga kahawa. Wageni walipouliza yule bibi mwenye chungu ni nani, nikasema ni dada wa marehemu, wanafanana sana.

Mama Kiingereza hajui. Wazungu wakawa wanamkumbatia kwa nguvu, wengine machozi yanawalenga. Akaniambia, "Mwanangu, hawa wa siku hizi wana upendo. Wa zamani walikuwa wakipiga picha tu."

Nikasema, "Ndiyo Mama."

Wengine walikuja na maua, wakaomba waonyeshwe kaburi. Nikawapeleka kwenye migomba, kwenye kaburi la baba mkwe, ambalo msalaba wake maandishi yameshafutika. Mama alipoona maua pale alikaa chini kwenye majani makavu. "Kumbe wanamkumbuka mume wangu," akasema. Usiniulize nilijisikiaje. Nilijisikia vibaya, halafu nikaenda kupiga picha ya maua nikaipandisha.

Sasa sikiliza. Mama ana dada yake mkubwa kule Mkuu, Rombo. Sisi tunamwita mama mkubwa. Wawili hawa walikuwa hawasemezani kwa miaka, na sababu utacheka. Kwenye harusi ya binti wa mama mkubwa, Mama alionja mbege ya sherehe, ile pombe yetu ya ndizi, akasema mbele ya wakwe kwamba imechacha. Mama mkubwa ndiye aliyeipika. Akasema ametukanwa, na tangu hapo hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake. Hata salamu zilikuwa hazitumwi. Kila mmoja alikuwa anamsubiri mwingine aanze.

Mjukuu wa mama mkubwa akaiona ile picha ya mshumaa kwenye simu.

Ilikuwa Jumamosi, wageni wamekaa kwenye mabenchi, Mama anakaanga. Nikasikia kuimba barabarani, nikadhani ni kwaya inapita kwenda kanisani. Gari la kukodi likasimama kwenye uzio wetu, wakashuka wamama wamejifunga khanga, mmoja ana gunia la mchele, mwingine ana shada la maua. Mbele yao mama mkubwa, kitambaa kimemtoka kichwani. Alipofika penye lango akajitupa chini.

"Mdogo wangu!" alilia. "Mdogo wangu umeondoka hatujasemezana. Nisamehe mimi. Mbege ilikuwa imechacha. Nilijua imechacha, niliipika vibaya, nikaona aibu nikakusingizia wewe. Nisamehe, mama yangu, mdogo wangu."

Wageni wakasimama. Wamama wakaitikia kilio. Mimi nikaomba ardhi ipasuke. Haikupasuka, huku kwetu udongo ni imara.

Mama akatokea jikoni na mwiko mkononi. Akauliza, "Nani amekufa?"

Mama mkubwa akainua uso, mavumbi na machozi vimechanganyika. Akamtazama dada yake kuanzia miguuni. Mwenye shada akalificha nyuma ya mgongo, kana kwamba ndilo lenye kosa. Mjukuu akasogea na simu, akamwonyesha Mama picha yake mwenyewe, haina rangi, mshumaa chini.

"Nani ameweka hii?" Mama akauliza.

Hakuna aliyenitaja. Walinitazama tu, na hiyo ilitosha.

Nikasema, "Mimi, Mama. Ilikuwa ya biashara."

Mama mkubwa hakunisikia. Yeye alikuwa anamtazama dada yake. Alisimama polepole akijipangusa magoti. "Kwa hiyo ulijifisha," akasema. "Ulijifisha ili nije nikiri mbele za watu."

"Mimi sijui lolote," Mama akasema. "Dada, naapa sijui."

Mama angeishia hapo, tungepona. Angemshika mkono tu. Lakini na yeye ni binadamu, na alikuwa amesubiri neno lile kwa miaka. Akaongeza, "Ila umesema mwenyewe kwamba ilichacha."

Mama mkubwa akaokota kitambaa chake, akapanda gari. Wamama wakapanda. Gunia la mchele likarudishwa ndani. Mama alilifuata gari hadi barabarani akiita jina la dada yake la utotoni, jina ambalo mimi sikuwahi kulisikia. Halikusimama.

Wageni walitaka kujua kinachoendelea. Mmoja wao alikuwa ameshaelewa, maana alimnyooshea Mama kidole, akanionyesha picha kwenye simu yake, akatikisa kichwa. Wiki hiyohiyo aliandika mtandaoni kwamba kwetu marehemu anawahudumia wageni kahawa. Watu wakacheka, wakasambaza. Kama ni kutangazwa, nilitangazwa.

Bi Zaituni alinipigia simu. Hakufoka, heri angefoka. "Mdogo wangu, mimi niliposoma ile habari nilimsomea mama mkwe wako dua ya marehemu," akasema. "Nyumbani kwangu, na watoto wangu. Sasa wageni wangu wananiita mwongo. Siwezi kukuletea mtu tena." Hakuleta.

Mume wangu aliposhuka mlimani habari ilikuwa imemfikia kwenye geti la hifadhi. Aliingia akiwa bado na buti, akaniuliza, "Umemuua mama yangu kwa ajili ya laiki?" Lilikuwa swali sahihi.

Mama yeye hakuniuliza chochote mpaka tulipokuwa tunamenya ndizi.

"Siku unaniua, nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa uani, Mama."

"Nafanya nini?"

"Unafukuza kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wangu. Walikuwa wanakula ulezi."

Akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Nirudishe."

Tukakaa mbele ya simu, yeye anasema mimi naandika. Aliniamuru niseme ni mzima, anakula, anakwenda kanisani kwa miguu yake. Aliniamuru niseme aliyemuua ni mke wa mwanawe, ambaye amesoma. Nikaandika yote. Picha nikairudishia rangi. Nilidhani limekwisha, kumbe mtandao si ubao wa shule. Hadithi ilikuwa imenakiliwa na watu nisiowajua kwenye tovuti za safari, na huko siwezi kuingia kuifuta. Mpaka leo anatokea mgeni mmoja mmoja, anapanda hadi kwetu na maua. Mama anayapokea na kuyapeleka kwa mumewe. Lakini kahawa ya wageni hakaangi tena. Anakaanga ya nyumbani tu, na mabenchi tumewapa watu wa jumuiya ya kanisani.

Kilichobaki kilikuwa mama mkubwa. Nilikata jani la isale pale kwenye uzio, maana huku kwetu ukimkosea mtu unamwendea na isale, na isale haikataliwi. Nikapanda gari la Rombo. Nilimkuta anapepeta maharage.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba." Aliliona jani, akaweka ungo chini.

Nikapiga magoti nikamweleza kila kitu, kuanzia kitenzi hadi mshumaa. Nikamwambia mdogo wake hakuhusika, kwamba analifuata gari lile hadi leo kwa mawazo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono akalipokea jani.

"Nimekusamehe kwa sababu isale haikataliwi," akasema. "Na yeye mwambie sina kinyongo, najua si yeye. Lakini mimi nilimlilia mdogo wangu kutoka hapa mpaka Kilema, njia nzima. Nilimlilia machozi yote niliyokuwa nayo. Siku ikifika ya kweli mtanipigia simu, na mimi nitawauliza: amekufa, au mnauza kahawa?"

Akarudi kwenye maharage yake.

Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ananisubiri barabarani. "Amesema nini?" Nikamwambia amepokea, hana kinyongo. Hilo la mwisho sikumwambia, na wewe nakuomba usimwambie mtu akafikisha. Akafurahi, akasema basi Krismasi atakuja. Krismasi ilipita, dada yake hakuja. Mama bado ananiuliza kama simu yangu ina mtandao.

Wewe unayejifunza tovuti sasa hivi, jifunze. Sikukatazi, ni kazi nzuri na inalisha watu. Piga picha migomba yako, sema kahawa yako inavyonukia, na kama bibi yako anafukuza kuku, andika anafukuza kuku. Ukikosea neno na mtu akakupa pole isiyo yako, mrudishie siku hiyohiyo, kabla hajaja mwingine. Usingoje kama mimi. Mimi nilikuwa na mama aliye hai jikoni na dada yake aliye hai Rombo, na walichokuwa wanahitaji ni mmoja wao aanze kusema. Alianza, lakini alianza kwenye msiba niliouzua mimi, na sasa hataki kuanza tena.