Harufu ya Japani

Juzi pale Kikorongo niliona gari la kutoka Japani, viti bado vina nailoni, limesimama karibu na wauza samaki. Kichefuchefu kikanishika palepale.

Nilipokuwa mtoto, gari la baba kutoka Japani lilifika kwetu Bwera mchana, baada ya wiki nzima ya kupigwa jua Kasese likisubiri namba za usajili. Ndani lilinuka uozo wa kukwaruza koo.

"Mufunge vioo, harufu ya Japani isitoke!" baba alifoka.

Tukajazana humo na majirani kwa sala ya shukrani. Katekista aliyeongoza sala alivuta pumzi kwa raha. Mimi nilimeza matapishi, nikidhani utajiri ndivyo unavyonuka.

Mama akapapasa chini ya kiti. Akatoa samaki aliyesahauliwa na dereva aliyelileta gari Kasese, amefungwa kwa jani la mgomba, funza wakimtambalia mama hadi kiwikoni.

"Kumbe Wajapani nao wanafunga samaki kama sisi!" katekista alishangaa.

Baba alilitazama jani, akawatazama majirani.

"Ndiyo," akasema. "Kule iko hivyo."

Jani likaanza kupita mkono kwa mkono, kila mtu akinusa. Likafika kwangu.