Nilichoandika Pembeni mwa Kitabu

Binti yangu aliponiletea kishikwambi cha kusomea vitabu kutoka Mbeya, nilikipokea kama mgeni ambaye sijui ametumwa na nani. Hakikuwa na karatasi wala harufu, na umeme ulipokatika Tukuyu mvua zilipokaza, chenyewe kiliendelea kwa majuma bila kuomba chochote. Kitu kisichoomba chochote hunitia shaka. Lakini macho yangu yalikuwa yameanza kuzikataa herufi ndogo, na hiki kiliniruhusu kuzikuza.

Kilichonivuta zaidi ni nafasi ya maoni. Ukiigusa sentensi kwa kidole, hufunguka mahali padogo pa kuandika. Nimezoea kusoma nikiwa na kalamu mkononi, na kitabu nilichokuwa nacho msimu ule kilihusu uadilifu. Chini ya sentensi zake nikaanza kuandika habari za kijana aliyekuwa amemposa binti yangu.

Kijana huyo hununua parachichi kwa wakulima wa Kisondela na kuzipeleka Kiwira, ambako magari ya mizigo huzichukua. Mshenga wake alikuwa amekwisha kufika, na wote walingoja jibu langu. Mke wangu alikuwa ameridhika. Binti aliridhika kabla ya wote. Nilibaki mimi, na mimi simwozeshi mtoto kwa sababu mtu ana tabasamu zuri. Kwenye sura ya ujasiri niliandika: "Haniangalii usoni." Kwenye sura ya kiasi: "Anachezea simu wakati wa kula." Kwenye sura ya ukweli niliandika lile lililoninyima raha: "Inasemekana aliwahi kuposa kijijini Suma, posa ikarudishwa. Kwa nini?"

Alipokuja tena kutusalimu, aliniangalia usoni tangu salamu hadi kuaga, bila kupepesa, nikajihisi kama mshtakiwa. Simu aliizima mbele yangu na kuiweka dirishani.

"Umeona adabu hiyo?" mke wangu aliuliza alipoondoka.

"Nimeiona. Ndiyo inayonitisha."

Mtu habadiliki hivyo kwa juma moja bila kuambiwa. Nilimshuku mke wangu kwanza, lakini yeye huona kile kishikwambi kama kioo kilichoharibika na hakigusi. Ndipo nikakishuku chenyewe. Nilikaa na dhamiri yangu kwa muda kabla ya kuandika uongo, kisha nikauandika, kwenye sura ya subira: "Katika ukoo wetu haozeshwi mtu asiyemaliza bilauri ya mtindi." Mila hiyo haipo. Nilichojua ni kwamba siku ya kwanza kijana alikaribishwa mtindi, akakataa kwa heshima.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja kula kwetu. Mke wangu alipakua ndizi na maharage, akaweka mtungi wa mtindi kwa anayependa. Kijana akaufikia kabla ya ndizi, akajaza bilauri hadi ukingoni, akanywa yote kwa mkupuo. Machozi yakamlenga.

"Taratibu, baba," mke wangu akamwambia. "Hakuna anayekunyang'anya."

"Ni mtamu, mama," akasema, akimeza mate mara nyingi.

"Nani amekwambia habari ya mtindi?" nikauliza.

Kijana akamtazama binti yangu. Binti akatazama sakafu. "Ni mimi, baba. Kile kishikwambi nilikifungulia kwa akaunti yangu. Nilitaka tufungue yako, ukasema mambo ya namba za siri ni ya vijana. Kila unachoandika kinatokea kwenye simu yangu."

"Mtindi una habari gani?" mke wangu akauliza. Alipoelezwa, alicheka mpaka akajifunika uso kwa kanga. "Mila ya wapi hiyo? Mimi mwenyewe nimeolewa humu na siunywi!"

Mimi sikucheka. "Umesoma maandishi yangu ya siri, ukampelekea mtu baki."

"Nimesoma, baba, na ninaona aibu. Lakini ungeandika mpaka lini? Mshenga anangoja. Huyu unamhukumu kila jioni na hujamwita hata siku moja ajitetee."

"Na lile la Suma? Hilo nalo ulimpelekea?"

"Hilo sikuweza. Niliogopa jibu lake."

Nikamgeukia kijana. "Unapenda mtindi?"

"Hapana, tata." Alitumia neno la Kinyakyusa la baba. "Unanivuruga tumbo."

"Posa ya Suma ilirudishwa kwa nini?"

Binti yangu akaweka sahani chini. Kijana alisahau kuniangalia usoni. "Yule binti alinikataa mwenyewe. Alisema kila alichoniuliza nilijibu ndiyo, hata alipouliza mambo mawili yanayopingana. Alisema hajui angeolewa na nani hasa."

"Na mimi nilipokwambia unywe?" binti yangu akauliza.

"Nilitaka kukataa."

"Basi ungekataa!"

Sauti ile niliitambua. Ndiyo niliyoitumia kumlea. Nilitambua pia kwamba sasa shaka haikuwa yangu peke yangu, na kwamba yeye ndiye angeishi nayo. Nikamwambia kijana sitampa mshenga jibu lolote siku ile. Arudi Jumapili ijayo, peke yake. Nitamuuliza yaliyobaki kwa kinywa changu, binti akiwepo, na ole wake akinikubalia yote.

"Sawa, tata," akasema. Kisha akasita. "Hapana. Jumapili ijayo siwezi. Nina mzigo wa kupakia Kiwira."

"Mzigo siku ya Bwana?"

"Parachichi zikiiva haziniulizi ni siku gani, tata."

Sikulipenda jibu lile, na nilimwonyesha kwamba sikulipenda. Hakulibadilisha. Binti yangu alikuwa ameinua uso, akimtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Lini basi?" nikauliza.

"Jumatatu."

"Njoo Jumatatu," nikasema.