Pale Alipofika Emil

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video pale kona ya Mtaa wa Kanisa, na miaka yote hiyo niligombana na watu kwa jambo moja tu. Kanda ikirudi dukani, iwe imerudishwa nyuma hadi mwanzo. Niliandika ukutani kwa wino mwekundu, nikaandika na kwenye majalada. Hata padri nilimfokea, maana alileta filamu ya vita imesimama katikati, kana kwamba atakayeichukua baada yake ni mtumishi wake. Watu wakaniita Mena Mkali, nami sikukataa.

Mtu mmoja tu sikuwahi kumsema, naye ni Verona Hudak.

Verona alikuwa mpishi wa shule ya msingi, mwanamke mfupi, miwani yake imeungwa kwa uzi. Wengine mjini kwetu walisubiri Krismasi. Yeye alisubiri Oktoba, mwezi wa majani kubadilika rangi na wa mambo ya mizimu. Alijua mti upi mbele ya benki huanza kuwa mwekundu, na tena huanzia tawi gani. Alikuja siku moja akaniambia moshi wa nyumba ya akina Bartko umebadilika harufu, basi wamemaliza kuni za mwaka jana. Nilimwambia hana kazi. Jioni yake nikapita pale kwa akina Bartko, nikanusa, na kweli.

Kila siku ya Oktoba, tangu tarehe mosi hadi thelathini na moja, alichukua kwangu filamu ya kutisha, akaitazama na mumewe Emil. Emil alifanya kazi kiwanda cha chuma, zamu ya asubuhi, kwa hiyo walitazama alasiri, saa tisa na nusu. Mapazia yalikuwa wazi, maana Emil alikataa katakata yafungwe. Pande la mtu lile, lakini mlango ukilia kwenye filamu aliruka na kiti chake.

"Mena, leo nipe ya kutisha kweli," Verona alisema wakiwa wote wawili dukani. "Ya jana haikumtikisa hata kidogo."

"Msikilize huyu," Emil akadakia. "Jana nimejimwagia chai suruali nzima!"

"Hiyo si hofu, baba. Hiyo ni mikono yako ya kiwandani, haijui kushika kikombe."

"Basi mimi nachukua katuni."

"Chukua, na utalala na paka."

Wakati wa filamu Verona hakukaa bure. Alisuka mashada ya maganda ya mahindi ya kutundika mlangoni, alishona popo wa vitambaa, alifuma soksi za watoto wa shule waliokuja mguu mtupu ndani ya viatu. Alidai filamu za kutisha zinafaa mikono, kwamba moyo ukienda mbio na sindano hukimbia. Ndivyo alivyozipima. Nikimuuliza ya jana ilikuwaje, alinijibu, "Soksi moja na kisigino." Mbovu kabisa ilikuwa "vidole tu." Na mizimu hakuiogopa hata chembe, yeye alitazama vyombo.

"Umeliona lile jiko, Mena? Mwenye nyumba kauawa Jumanne, Ijumaa maua ya mezani bado mabichi. Sasa nani anayabadilishia maji?"

Nilicheka hadi nikashika mbavu. Tangu siku hiyo sijatazama filamu bila kutafuta maua.

Kisha ikaja ile Alhamisi ya Oktoba. Walikuwa wamechukua filamu ya nyumba ya kilimani, ambayo mume anashuka chumba cha chini ya nyumba kwenda kuona kinachogonga, na mkewe amebaki juu, mkono kwenye kitasa. Emil akasema, "Simamisha hapo, mama. Nikapashe juisi ya matofaa, koo limenikauka." Verona akabonyeza, picha ikasimama. Alimsikia akitoa vikombe. Alimsikia akitafuta mdalasini, naye Verona akataka kumwambia uko nyuma ya sukari. Halafu akamsikia anaanguka. Ulikuwa moyo. Gari la wagonjwa lilifika upesi, lakini Emil alikuwa ameshakwenda.

Haya yote alinisimulia mwenyewe kwenye chakula cha matanga, amekaa wima, sahani ya mkate wa kokwa za jozi mapajani haijaguswa. Akaniambia pia kwamba ile kanda ameitoa kwenye deki jinsi ilivyo, akaiweka juu ya kabati. Nilimwambia akae nayo. Ilikuwa filamu ya kawaida tu, na hata ingekuwa ya dhahabu nisingeitaka.

Mwaka uliofuata mlango wake haukuwa na shada. Oktoba iliingia, mti wa benki ukawaka kuanzia tawi lake lile lile, na Verona hakuja. Niliumia. Mara mbili nilimwekea filamu mpya chini ya meza, mara mbili nikaitoa nikampa mtu mwingine.

Siku moja mwishoni mwa mwezi, mchana, duka tupu, mlango ukafunguliwa. Ni yeye, amekonda, kanda ile imo kifuani ndani ya koti.

"Deki yangu imeanza kutafuna kanda," alisema. "Naogopa kuitia hii. Nimeamua kuitazama iliyobaki, shoga. Kuanzia pale alipofika Emil. Lakini peke yangu siwezi."

"Utatazama na mimi. Nafunga duka sasa hivi."

"Una watu wako watakuja."

"Waende wakasome vitabu."

Akatabasamu kidogo. Akaiweka kanda juu ya meza yangu, akanigeuzia mgongo kutundika koti. Mimi nikaenda kugeuza kibao cha mlangoni, nikarudi nikimuuliza kama anataka kahawa au chai. Na huku namuuliza, mkono wangu ukaichukua kanda, ukaitoa kwenye jalada, ukaitia kwenye ile mashine ya kurudishia nyuma iliyokaa pembeni pa meza. Maelfu ya kanda nimezifanyia hivyo. Sikufikiri. Mazoea yana tabu.

Mashine ikanguruma.

"Mena," akasema Verona. Hakuwa amegeuka bado. "Nini hicho kinachozunguka?"

Nilipofahamu na kubonyeza, ilikuwa imebaki kidogo sana ifike mwanzo.

Sijui nilisema nini. Niliomba radhi, nikaapa kwa mama yangu, nikamwambia tutapatafuta, tutapapata. Yeye alikuja akakaa kwenye kiti, mikono mapajani. Nikaitia kanda kwenye deki ya dukani, nikaipeleka mbele mbio mbio, watu wakikimbia kama siafu, hadi tukamwona yule mwanamke kwenye mlango wa chumba cha chini.

"Bado," akasema. "Mbele kidogo. Anaweka kidole cha mwisho kwenye kitasa. Sasa. Hapo."

Nikasimamisha. Picha ikawa inatetemeka.

"Ndipo penyewe, Verona. Hatujapoteza kitu."

Akatikisa kichwa. "Hapa tumefika sisi, Mena. Pale alikuwa amefika yeye."

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye.

"Mwaka mzima nilikuwa napita chini ya lile kabati nikimwambia, Emil, tuna filamu yetu hatujaimaliza. Ujinga, najua. Nilikuwa naona kama kazi imesimama tu."

"Nigombeze," nikamwambia, huku nalia waziwazi. "Nitukane, tafadhali."

"Nikutukanie nini? Umefanya kazi yako." Akanipigapiga mkono, yeye ndiye akanibembeleza mimi, na hilo ndilo lililonimaliza. Kisha akauliza, "Hii wewe umeshaiona?"

"Nimeiona."

"Huyu mume aliyeshuka chini. Anarudi?"

Nilitamani kudanganya, na sikujua hata uongo upi ungekuwa wa huruma. Nikamwambia kweli. "Anarudi. Kaumia mkono tu. Asubuhi yake wanafungasha, wanahama ile nyumba."

Verona alimtazama yule mwanamke wa kwenye picha kwa muda mrefu.

"Basi mimi sitaki kuiona," akasema.

Akainuka, akavaa koti, akafunga vifungo vyote kimoja kimoja. Kanda akaiacha ndani ya deki yangu. Nilimfuata hadi mlangoni nikamwita kwa jina, mara mbili, lakini alikuwa ameshavuka barabara na hakugeuka.