Herufi Moja ya Mama Mbuni

Wafanyakazi wenzake humwita Mama Mbuni. Ameandika habari za sayansi kwa miaka thelathini na moja katika gazeti lile lile, kwenye meza iliyo karibu na dirisha lisilofungika vizuri. Amekwisha kutoa vitabu vinne kuhusu ugunduzi, cha kwanza juu ya wapiga mbizi waliopima mapango yaliyojaa maji. Kila aya huiuliza swali moja kabla ya kuiachia: nani kasema?

Kitabu cha tano kilikwama kwenye sura ya saba.

Sura hiyo ilimhusu bwana misitu ambaye, miaka ishirini na sita iliyopita, alikuta mlimani mti wa kahawa wa mwituni usiokuwa katika orodha yoyote ya wataalamu. Habari aliiandika Mama Mbuni mwenyewe, kwa kichwa hiki: "Mbuni mpya wagunduliwa mlimani." Mhariri wa zamu akaona umoja kwenye "mbuni", wingi kwenye "wa-", akaifuta W. Ikawa "agunduliwa". Mchoraji naye hakuuliza, maana mbuni aliyemjua yeye ana shingo ndefu na miguu miwili. Asubuhi gazeti likatoka na ndege mkubwa juu ya kilele, amesimama kama anayesubiri kupigwa picha.

Mji ulicheka mpaka ukachoka. Bwana misitu hakucheka. Kazini aliulizwa kila siku yai moja linatosha watu wangapi. Akaapa kutozungumza na mwandishi yeyote, na madaftari yake kumi na moja ya msituni, yenye tarehe, vipimo na michoro, akayafungia kabatini. Bila hayo, sura ya saba ilikuwa maneno matupu. Mchapishaji alitoa muda hadi Ijumaa: madaftari yapatikane, la sivyo sura itolewe.

Jumanne Mama Mbuni alipiga hodi. Mlango ulifunguliwa na binti wa bwana misitu.

"Baba, una mgeni."

"Nani?"

"Yule wa mbuni."

Sauti ikatoka ndani: "Mwambie ndege wote wamelala."

Binti akanong'ona, "Pita tu, mama. Akishaanza utani, hasira zimekwisha."

Mzee alikuwa mezani, miwani kwenye paji la uso, gazeti la siku hiyo limekunjwa mbele yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo umekuja kunigundulia mnyama gani?"

"Nimekuja kukurudishia herufi yako. Nilikuja nayo mara mbili enzi zile, ukanifungia mlango."

Akamwekea mezani nakala ya kaboni ya habari ile, kama alivyoipiga taipu kabla haijamfikia mhariri. Mzee alishusha miwani, akasoma taratibu, kidole kikasimama juu ya W.

"Kumbe uliiandika!"

"Niliiandika."

"Na mimi miaka yote hii namwambia kila mtu kuwa hujui ngeli."

"Habari zimenifikia."

"Yuko wapi huyo aliyeifuta?"

"Amestaafu. Siku hizi ananisomea rasimu za vitabu."

"Hata hiki?"

"Hata hiki. Juzi alitaka kuifuta tena."

Mzee alicheka mpaka binti akaja mbio na glasi ya maji, akidhani amepaliwa. Kisha akainuka mwenyewe, akafungua kabati, akatoa madaftari yote kumi na moja. Ila hakuyaachia mara moja.

"Nina sharti. Picha."

"Ya mti?"

"Ya mti, na yule ndege wenu chini yake. Mbuni chini ya mbuni. Nimeishi naye miaka ishirini na sita, nitamfukuzaje leo?"

Kitabu kilitoka mwezi uliopita. Sura ya saba inafunguliwa na kichwa kile cha zamani, W ya "wagunduliwa" ikijaza nusu ya ukurasa, na chini yake mti na ndege kama mzee alivyotaka. Barua ya kwanza ilitoka kwa msomaji aliyetaka kujua, kati ya wale wawili, ni mbuni yupi hasa aliyegunduliwa.

Mama Mbuni alimjibu kwa mkono, maneno mawili: "Soma kitenzi."